Mwacheni Ahangaike Kidogo

Mtoto aliyeanza kutembea juzijuzi hupiga wastani wa hatua 2,368 kwa saa moja, na ndani ya saa hiyohiyo huanguka mara 17. Hesabu hiyo ni ya Karen Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York. Waliwachukua video watoto wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi wakicheza wenyewe bila kuelekezwa, kisha wakakaa kuhesabu kila hatua na kila kishindo cha makalio sakafuni. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Kwa saa moja mtoto anakuwa ameshatembea kama mita 700, na kwa siku nzima wanakadiria hatua 14,000 na kuanguka mara 100. Wala hana mahali anapokwenda. Anakwenda upande, anarudi nyuma, anasimama katikati ya safari, anaondoka tena.

Mimi nafanya kazi ya fiziotherapia katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga. Kina mama huniita dada wa mazoezi. Wengi wa watoto ninaowahudumia wana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliojeruhiwa ukiwa bado mchanga, mwili ukawa hauutii vizuri, wengine wamechelewa tu kukaza shingo au kukaa, wachache wamezaliwa na mgongo wazi au nyayo zilizopinda. Mtoto wa mtindio akipata bahati huonana nami nusu saa, mara moja kwa wiki mbili, na hapo iwe imepatikana nauli ya bodaboda mpaka barabarani na ya daladala mpaka hospitali. Katika nusu saa hiyo siwezi kumpa hatua 14,000 hata nifanyeje. Ndiyo sababu naandika haya. Mazoezi yenyewe yako nyumbani, na mwenye kuyafanya ni mtoto. Sisi wakubwa kazi yetu ni kumtengenezea mahali pa kujisogeza na sababu ya kujisogeza, kisha kusubiri kidogo kabla ya kumnyanyua.

Kusubiri huko ndiko kugumu, na ninaelewa kwa nini. Mtoto mwenye mtindio ananyoosha mkono kutaka kikombe cha uji. Mkono unakwenda pembeni, unakakamaa, unarudi, unajaribu tena. Uji unapoa. Kabla hajafika, shangazi ameshakichukua kikombe na kukifikisha mdomoni, kwa mapenzi kabisa. Siku ikiisha mtoto amekula, amevishwa, amebebwa, amelazwa, na hajafanya jambo hata moja kwa mwili wake mwenyewe.

Kuna utafiti wa zamani ambao kila nikiufikiria hunitia nguvu ya kulisema hili. Mwaka 1963 nchini Marekani, Richard Held na Alan Hein walilea paka wachanga gizani, wakawa wanawatoa kwenye mwanga wawiliwawili kwa muda maalumu tu. Waliwafunga kwenye mtambo wa kuzunguka: mmoja anatembea kwa miguu yake na kuuzungusha, mwenzake amekaa ndani ya kikasha anazungushwa tu. Wote waliona kuta zilezile, katika mwanga uleule. Aliyetembea alijifunza kupima umbali kwa macho. Aliyebebwa hakujua kuukwepa ukingo wenye kina, wala hakutanguliza miguu aliposhushwa kuelekea mezani. Alipoachiwa huru azunguke mwenyewe, naye akajifunza. Kuona hakukutosha, ilibidi mwili wake ndio uwe unaleta kile anachokiona.

Kwa watoto wa binadamu, Joseph Campos wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliona jambo linalofanana na hilo. Watoto wa umri mmoja, mmoja anatambaa na mwingine bado, wakiwekwa juu ya kioo kinene chenye shimo chini yake, anayetambaa moyo unamwenda mbio. Asiyetambaa anatazama chini kwa utulivu tu. Hofu ya kuanguka inakuja baada ya mtoto kuanza kujisogeza, si kabla. Kwa hiyo mtoto asiyejisogeza hakosi miguu peke yake. Anakosa na yale ambayo akili huyapata kwa kuzunguka: umbali, hatari, kilichojificha nyuma ya mlango, mama amekwenda wapi na nitamfuataje.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mambo haya yana historia. Miaka ya 1950 mtafiti Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wa Kampala na kuandika kwamba wanawatangulia wale wa Ulaya katika kukaa na kusimama, na wapo waliolichukua hilo kuwa jambo la damu na rangi. Kisha Charles Super akaenda kukaa Kokwet, kwa Wakipsigis wa magharibi mwa Kenya, akatazama kwa makini watoto wanaishije. Mwaka 1976 akaandika alichokiona. Mama wa Kokwet walikuwa wanawafundisha watoto kwa makusudi. Kukaa: mtoto anachimbiwa kishimo ardhini na kuzungushiwa blanketi, mgongo usimame. Kutembea: anasimamishwa mapajani na kurukishwarukishwa, nyayo zikikanyaga. Walichofundishwa walikiwahi. Kutambaa, ambako hakuna mtu aliyekushughulikia, hawakumtangulia mtoto wa Marekani wala wa popote.

Napenda sana utafiti huu kwa sababu unazirudisha sifa pale zinapostahili, kwenye mikono ya kina mama na mabibi na kazi wanayoifanya kila siku. Bibi wa pwani anayemkanda mjukuu kwa mafuta ya nazi, akamsimamisha mapajani na kumwambia "dede, dede" huku akimwachia sekunde moja, anafundisha. Kishimo nacho nimekiona huku, kwenye mchanga, mtoto kasimamishwa mpaka magotini. Kwa mtoto mwenye mtindio nina ombi moja tu: asifukiwe akaachwa analia peke yake mchana kutwa. Kishimo ni kizuri kama mbele yake kuna kitu cha kuchezea na mtu wa kucheza naye, na akichoka anatolewa.

Sasa niseme kidogo mtindio unatoka wapi, maana hapa kina mama wanateswa bure. Mtoto akifika mwaka hajakaa, mtaa unaanza: kabemendwa. Kwamba wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Nimewaona wanawake wameachika kwa neno hilo. Nawaomba mnaosoma, mkilisikia mahali, likatazeni palepale. Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo mchanga. Mtoto alichelewa kulia alipozaliwa. Au manjano ya siku za kwanza yalizidi na hayakutibiwa. Au degedege, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo.

Nchini Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere pamoja na watafiti wenzake wakiwemo wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge, wakachunguza watoto zaidi ya 31,000. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha watoto karibu 3 katika kila 1,000 wana mtindio, na kwa robo yao chanzo kinachoelekea kuhusika kilitokea baada ya mwezi wa kwanza wa maisha. Waliporudi baada ya miaka kadhaa kuwatazama watoto walewale, walikuta kiwango chao cha kufa ni mara 25 ya watoto wengine wa eneo hilo. Sijawahi kuisoma namba hiyo nikaizoea. Tangu niijue, kabla ya kugusa goti la mtoto nauliza kwanza: analala kwenye chandarua? Chanjo zimekamilika? Anameza vizuri au anapaliwa?

Nirudi kwenye mazoezi. Picha waliyonayo watu wengi ni hii: mtoto amelala kwenye mkeka, mtaalamu anamkunja na kumnyoosha miguu, mtoto analia, mama kageuza uso. Fani yetu yenyewe ilikaa miaka mingi katika mtindo huo. Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu aina 64 za huduma kwa watoto wenye mtindio na kuzipanga kwa rangi za taa za barabarani. Kijani, endelea. Njano, kuwa mwangalifu. Nyekundu, acha. Kunyoosha viungo kwa mikono hakukupata kijani. Kijani kilikwenda kwa mazoezi yenye lengo, yaani mtoto anafanya kazi halisi anayoitaka yeye au familia yake, anaifanya mwenyewe, mara nyingi, mahali anapoishi. Kilikwenda pia kwa programu za nyumbani, zile ambazo mtaalamu anakaa na familia wanapanga pamoja, kisha familia inaendesha. Mwaka 2020 walirudia kazi hiyo kwa upana zaidi, na upande huo ukazidi kupata nguvu.

Kule Iganga na Mayuge wameanzisha programu inayoitwa Akwenda inayokwenda njia hiyohiyo: mafunzo ya wazazi wakiwa kundi, mtaalamu kufika nyumbani, vifaa vya kukalia na kutembelea, mazoezi yenye lengo, na kazi ya kuielimisha jamii inayowazunguka. Ninaifuatilia kwa hamu kubwa kwa sababu mazingira yao ni yetu. Uwanja wa udongo, jiko la mafiga, shamba mbali, bibi ndiye anayeshinda na mtoto.

Lengo ni neno rahisi kulisema, lakini ukiliuliza vizuri linakupeleka mahali usipotarajia. Niwaeleze nyumba moja, upande wa Muheza, kwenye machungwa. Mtoto ni wa kike, amekaribia miaka minne, miguu inakaza na kupishana kila akiinuliwa, shingo nzuri, mikono inafanya kazi ila wa kushoto ni mzito. Kukaa peke yake, hawezi. Mama yake anauza maandazi asubuhi sokoni, kwa hiyo mchana mtoto yuko na bibi yake.

Nilipofika nilimwamkia bibi, akaitika, akanivutia kigoda, na mazungumzo yakaanza na habari za mvua kama inavyopasa. Baadaye nikauliza: mngependa mtoto huyu aweze kufanya nini, ambacho sasa hawezi? Mama akajibu haraka, atembee. Bibi akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mimi mwanangu nataka akae peke yake, nipate kukuna nazi. Nikimweka chini anaanguka, nikimpakata sina mkono wa kazi."

Hilo ndilo lengo tulilolichukua. Mjomba wa mtoto ni fundi seremala. Tukamwomba atengeneze mbuzi ndogo ya kukunia nazi, bila chuma chake, kimo cha kumfanya mtoto akanyage chini kwa nyayo nzima. Alichonga kwa kipande cha mfenesi, akakipiga msasa mpaka ukawa laini. Mtoto akikaa pale anakuwa ametanua miguu, mti uko katikati ya mapaja, ile miguu inayopenda kupishana haina pa kupishania. Nyonga zimekunjwa, magoti yamekunjwa, visigino viko chini. Mbele yake tukaweka kigoda na juu yake sinia la machicha.

Siku ya kwanza bibi alikaa nyuma yake kwenye mbuzi yake mwenyewe, goti lake likiwa ndiyo egemeo la mtoto. Mtoto alitumbukiza mkono wa kulia kwenye machicha. Akafinya. Akaangukia kushoto, bibi akataka kumdaka, nikamwomba, "Bibi, subiri kidogo." Mtoto akabaki ameinama upande, akaguna, akaupeleka mkono wa kushoto, ule mzito, ukagusa ukingo wa sinia. Ukashika. Akajivuta. Hakurudi katikati kabisa, alirudi nusu, na bibi akapiga kigelegele majirani wakatoka nje.

Ule mkono wa kushoto sikuufundisha mimi. Uliitwa na sinia. Ningemlaza mkekani nikaufungua vidole kimoja kimoja, usingeniitikia vile. Nyumba ile sasa mtoto anakamua machicha kila mchana, kwa mikono miwili, maana mkono mmoja haukamui. Goti la bibi lilisogea nyuma taratibu, likaja gunia la mchanga, kisha gunia nalo likaondolewa. Anakaa muda wa kutosha nazi mbili kukunwa. Kwa mwingine mwenye udhaifu wa upande mmoja tunatumia machenza, maana chenza humenyi kwa mkono mmoja, na malipo yako mkononi.

Kubebwa nako kuna namna. Sisemi mtoto asibebwe mgongoni. Mtoto akifungwa vizuri kwa kanga, mapaja yanatanuka kiunoni kwa mama, na kwa miguu inayopishana hilo ni jambo jema. Mbavuni vilevile, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Kinachoharibu ni kumbeba kama kichanga, amelazwa mikononi, miguu imenyooka na kukaza, macho yanaangalia dari, hadi miaka mitano.

Sasa lile swali la mama, atatembea? Huulizwa mlangoni ninapoaga, kwa sauti ya chini, na mimi naamini mama ana haki ya kujibiwa. Kuna kazi kubwa ilifanyika Kanada, katika kituo cha CanChild cha Chuo Kikuu cha McMaster. Mwaka 1997 Robert Palisano, Peter Rosenbaum na wenzao walitoa mpangilio wa ngazi tano za uwezo wa kujisogeza. Ngazi ya kwanza ni mtoto anayetembea na kupanda ngazi ila hana kasi wala wepesi wa wenzake. Ya tatu anatembea akishikilia kifaa. Ya tano hawezi kuuzuia mwili wake mwenyewe na anahitaji kusukumwa popote. Kisha wakawafuatilia watoto 657 wa jimbo la Ontario kwa miaka kadhaa, na mwaka 2002 wakachora mkunjo, yaani mstari wa grafu, wa kila ngazi: uwezo unapandaje na unafika wapi.

Mikunjo ile inasema mambo mawili ambayo nayachukua kwa uzito. La kwanza, uwezo wa kujisogeza hupanda haraka mapema. Mtoto wa ngazi ya kwanza anakuwa amefikia asilimia 90 ya uwezo wake kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa ngazi ya tano anaifikia kabla ya miaka mitatu. Kwa hiyo mtu anayemwambia mama "subiri, wa kwangu naye alichelewa" anamla mtoto miaka yake ya thamani. La pili, tunaweza kumpa mama jibu lenye msingi. Mtoto wa mtindio anayekaa mwenyewe bila kushikwa akifika miaka miwili, ana nafasi kubwa ya kutembea, kwa kifaa au bila kifaa. Mtoto wa miaka minne ambaye shingo haijakaza hatatembea, na mama yake asikamuliwe pesa na kila anayemwahidi vingine. Nimelisema hilo kwa mdomo wangu, nimekaa chini kwanza, nimemshika mkono. Halafu tunaongea atakavyokwenda sehemu. Maana kutembea ni njia mojawapo ya kufika.

Huko Chuo Kikuu cha Delaware, Cole Galloway alichukua yale magari ya kuchezea ya betri, ya kupanda mtoto, akayaondolea pedali na kuweka kitufe kikubwa kwenye usukani, akatengeneza egemeo kwa mabomba ya plastiki na maboya ya kuogelea. Mtoto asiyetembea anabonyeza, gari linaondoka. Wenye mwaka mmoja wanaweza. Programu yake, Go Baby Go, ilifika miji mingi kwa sababu kila kilichotumika kilipatikana dukani. Hofu ya wazazi huwa ni kwamba mtoto akizoea magurudumu ataacha kutaka kutembea. Tafiti hazikuonyesha hivyo. Mtoto aliyeonja kwenda anakotaka anazidi kutaka kwenda.

Magari ya betri huku kwetu ni nadra, lakini mawazo yake yanavuka. Baba mmoja amechomeka nguzo nne uani na kulaza mianzi miwili sambamba, kimo cha kiuno cha mtoto, na mwisho wa mianzi kafunga banda la kuku. Mtoto anataka kuwapa kuku punje. Anakwenda, anarudi. Mwingine kapigiliwa magurudumu manne chini ya ubao, analala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono sebuleni, anagonga kila mlango.

Kuhusu viti nina maneno makali kidogo. Kiti cha mtu mzima akipewa mtoto wa miaka mitatu ni mateso. Anateleza, mgongo unapinda, kichwa kinaangukia kifuani, na chakula kinakwenda njia mbaya. Vipo vingi vya namna hiyo majumbani, vimeletwa kwa nia njema, vimepigwa picha, vinaota kutu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika mazingira ya kipato kidogo, na kiini chake ni kwamba kiti hupimwa kwa mwili wa mwenye kukikalia na hufuatiliwa. Moshi kuna chuo cha TATCOT, tangu 1981, kinachofundisha mafundi wa vifaa hivi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ujuzi upo.

Na kama fundi yuko mbali, kuna karatasi. Mtu anayeitwa Bevill Packer, akiwa Zimbabwe, aliendeleza namna ya kutengeneza samani imara kwa maboksi na magazeti, na njia hiyo imefika Kenya na kwingineko. Unakata boksi, unapaka uji mzito wa unga wa ngano, unabandika lingine juu yake, na lingine, unakandamiza kwa mawe usiku kucha. Ubao unaotoka hapo ukikauka juani vizuri unakatwa kwa msumeno. Tunaunganisha kiti, egemeo, sehemu ya miguu na kimeza cha mbele, tunafunika kwa vipande vya gazeti, rangi, kisha vanishi. Kinambeba mtoto na ndugu yake aliyekuja kumtania. Adui yake ni maji. Kikinyeshewa umekipoteza, kwa hiyo siku za masika kinalala ndani na kamkojo kanazuiwa kwa mpira wa godoro. Mama aliyekitengeneza kwa mikono yake anajua kukirekebisha mtoto akirefuka.

Kitu kimoja ninachoomba msinunue ni kile kigari cha plastiki cha duara ambacho mtoto ananing'inia katikati na kujisukuma kwa vidole. Kanada walikipiga marufuku kuuzwa mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka kwenye ngazi na kuumia kichwa. Kwa mtoto mwenye misuli inayokaza kinamzoesha kusukuma kwa ncha za vidole, jambo ambalo tunahangaika kulipunguza. Hela hiyo inatosha nauli na mkeka mpya.

Kwa wenye watoto ambao hawajui kama kuna tatizo au hakuna: Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipindi vya kawaida. Kukaa bila msaada ni kati ya karibu miezi 4 na miezi 9. Kutembea peke yake ni kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Ni upana mkubwa, kwa hiyo wa jirani akitembea kwa miezi 9 na wako miezi 14, usilie. Watoto 4 hivi katika 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti na wakatembea vizuri tu. Ila mtoto wa miezi 9 asiyekaa, mlete. Mwenye zaidi ya miezi 4 ambaye ngumi hazifunguki au kichwa bado kinaanguka nyuma ukimvuta kumkalisha, mlete. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, ukafurahi kwamba ni wa kushoto kama babu yake, mlete pia, kwa sababu umri huo bado hawajachagua mkono. Na kama alichelewa kulia au alilazwa kwa manjano, usisubiri dalili yoyote.

Kliniki yetu ya watoto huwa asubuhi. Njoo na kadi ya kliniki na karatasi za hospitali ulizopewa alipozaliwa, mtoto awe ameshiba na amevaa nguo nyepesi. Leta kikombe anachonywea na kitu anachokipenda, hata kama ni mfuniko wa sufuria. Na tafadhali, kama si wewe unayeshinda naye mchana, njoo na huyo anayeshinda naye: bibi, dada wa kazi, kaka yake mkubwa. Nauli ikitosha watu wawili tu, basi aje yeye na mtoto, na wewe utanipigia simu jioni.